Mwongozo Usiouliza Una Kadi Gani: Uhakiki wa Maelekezo ya Kusakinisha CUDA kwenye Laptopu

Kuna maandishi ambayo karibu kila mwanafunzi wa sayansi ameyasoma na hakuna anayeyahakiki. Riwaya tunazihakiki. Makala za majarida tunazichambua mpaka kwenye majedwali ya mwisho. Hata chakula cha kantini ya chuo kina wahakiki wake. Ila maelekezo ya kusakinisha programu tunayapokea kama dozi ya hospitali: ukimeza na usipone, basi mwenye tatizo ni wewe.

Leo tuyasome kwa jicho la mhakiki. Nimechagua maelekezo ya CUDA, yaani mfumo wa kampuni ya NVIDIA unaoziwezesha programu za kisayansi kutumia kadi ya michoro, GPU, kufanya hesabu. CUDA ilitangazwa mwaka 2006, toleo la kwanza likatoka 2007, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi za akili mnemba duniani inapitia humo. Anayekwama kwenye maelekezo haya anakwama mlangoni.

Hoja yangu ni moja. Maelekezo haya yameandikwa kwa ufundi, lakini yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta mpya na intaneti isiyopimwa kwa MB. Yanajua sana kujibu "nasakinishaje?" Swali la "mashine niliyonayo inaweza kubeba nini?" linaachwa msomaji alitafute mwenyewe, na mara nyingi analipata bando likiwa limeshakata.

Ngitili, muhogo na kadi ya michoro

Kwanza, kwa nini mtu wa huku ahangaike na GPU? Nitoe mfano wa hapa nilipo. Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege, na kwa kituo kikubwa cha kupoza umeme ambako njia kuu ya kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida inafika, kisha umeme unaendelea kwenda Mwanza, Bulyanhulu na Geita. Umeme wa migodi ya dhahabu unapita juu ya vichwa vyetu. Chini ya nyaya hizo wapo vijana wenye laptopu za mtumba wanaotaka kufanya sayansi.

Na sayansi ya kufanya ipo. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kipindi ambacho miti ilikuwa imekwisha na ardhi imechoka. Mradi huo ulirudi kwenye utaratibu wa zamani wa Wasukuma: ngitili. Eneo la malisho linafungwa masika ili nyasi na miti vipumzike, halafu linafunguliwa kiangazi ng'ombe wapate chakula. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Equator inayotolewa na UNDP.

Swali la sasa ni hili: katika hizo, ngapi bado ni ngitili? Nyingine zimegeuka mashamba, na ukielekea Kahama na Geita kuna mapori yaliyogeuka mashimo ya wachimbaji wadogo. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure, pikseli moja ikiwa na upana wa mita 10, na modeli ya kompyuta inaweza kufundishwa kuzisoma. Ila kwenye picha ya Septemba, ngitili iliyoliwa na ng'ombe na shamba lililovunwa vinaweza kufanana kabisa. Anayejua kwamba eneo lile lilifungwa tangu mvua za kwanza ni mtu wa hapa. Kama mtu huyo ameshindwa kusakinisha zana, modeli itafundishwa na mwingine ambaye akiiona ngitili ataiandika "pori tupu".

Mfano wa mafanikio tunao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya IITA walichapisha utafiti uliotumia picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani nje ya Bagamoyo, kuifundisha modeli kutambua magonjwa na wadudu. Kazi za namna hiyo ndizo zilizozaa Nuru, programu ya simu inayomsaidia mkulima kupima jani bila intaneti, na inaongea Kiswahili. Kupiga picha kunahitaji simu, kutumia modeli iliyokamilika kunahitaji simu. Kazi ya katikati, kuifundisha modeli, ndiyo inayodai GPU.

Bugobogobo ndani ya kompyuta

Ili uhakiki huu ueleweke, tujue kwanza GPU inafanyaje kazi. CPU, ubongo wa kawaida wa kompyuta, ni kama mafundi wachache hodari: huyu mpe saa atengeneze, yule mpe redio. GPU ni kundi la bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Mdundo ukipigwa, majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Ndani ya GPU za NVIDIA, nyuzi za hesabu zimepangwa kwa vikosi vya 32, na kikosi kizima kinatekeleza amri moja kwa wakati mmoja. Ukiwa na shamba kubwa la kazi inayofanana, kundi hili halina mpinzani. Na kufundisha modeli ni shamba la namna hiyo hasa: kuzidisha na kujumlisha namba mamilioni kwa mamilioni, hatua ileile.

Sasa shika jambo moja, maana ndilo litakalotusumbua mpaka mwisho. Kila kizazi cha kadi kina mdundo wake. Programu iliyoandaliwa kwa kizazi kipya haichezeki na kadi ya zamani. NVIDIA wanakipa kila kizazi namba, wanaiita "compute capability". Quadro K1100M, kadi inayokutwa kwenye HP ZBook 15 za mwaka 2013, ina namba 3.0. GeForce 940MX ina 5.0. GeForce MX150 na GTX 1050 zina 6.1. GTX 1650 ina 7.5. Namba hiyo ndogo ndiyo inayoamua karibu kila kitu, na ndiyo ambayo maelekezo mengi hayaiulizi.

Mwongozo rasmi: mpangilio mzuri, neno moja la kupotosha

Tuanze na sifa. Mwongozo rasmi wa NVIDIA wa Linux haukurupuki. Una sehemu ya maandalizi kabla ya usakinishaji: hakikisha una kadi inayoweza CUDA, hakikisha toleo lako la Linux linakubalika, hakikisha kompaila ya gcc ipo. Anayesema mwongozo huu ni mbovu hajausoma. Kwa mtumiaji wa Windows anayeendesha Linux ndani yake kupitia WSL2, upo hata ufafanuzi kwamba asisakinishe draiva ya Linux humo ndani, kwa sababu ya Windows inatosha. Onyo hilo limeokoa mashine nyingi.

Udhaifu upo kwenye hatua ya kwanza kabisa. Unaambiwa uthibitishe kwamba kadi yako "inaweza CUDA" kwa amri ya `lspci | grep -i nvidia`, kisha uitafute kwenye orodha ya kadi. Amri hiyo inakwambia tu kama kuna kadi ya NVIDIA. Na kadi "inayoweza CUDA" ni karibu kila GeForce iliyotoka tangu mwaka 2006. K1100M inaweza CUDA. Lakini haiwezi CUDA *hii* unayotaka kuipakua. Kizazi cha 3.0 kiliachwa kuanzia CUDA 11, hivyo toleo lake la mwisho ni 10.2. CUDA 12 ikawaacha ndugu zake waliobaki wa familia ya Kepler. CUDA 13, iliyotoka mwaka 2025, imeziacha familia za Maxwell, Pascal na Volta, maana yake 940MX, MX150 na GTX 1050 zote ziko nje. Draiva nazo zina ukomo: kwa Linux, familia ya Kepler iliishia tawi la 470.

Habari hizi hazikufichwa. Zipo kwenye waraka mwingine, ule wa maelezo ya kila toleo. Kwa mtu mwenye mashine mpya kutenganisha nyaraka hizi hakuna madhara, kwa sababu jibu lake daima ni "ndiyo". Kwa mwenye laptopu ya mtumba, sentensi muhimu kuliko zote imewekwa kwenye kitabu ambacho hakuambiwa akifungue. Jedwali moja la mistari sita, juu kabisa ya mwongozo, lingemaliza mambo: familia ya kadi, na toleo la mwisho linaloikubali.

Namba mbili zinazoitwa jina moja

Ukishasakinisha draiva, unaandika `nvidia-smi`. Linatokea jedwali, na kwenye pembe ya juu kulia imeandikwa "CUDA Version: 12.4", kwa mfano. Mwanafunzi anashangilia kwamba CUDA 12.4 imeshaingia. Kisha anaandika `nvcc --version` na kuambiwa amri haipo, au inamletea 11.5. Hapo ndipo watu wanapoanza kufuta kila kitu na kuanza upya.

Hakuna kilichoharibika. Namba ya `nvidia-smi` inataja toleo la juu kabisa ambalo draiva hiyo inaweza kulihudumia. Namba ya `nvcc` inataja zana za kuandikia programu zilizosakinishwa kweli. Ni kama kibao cha daraja kinachosema "mwisho tani 10" na mzani wa lori lako unaosema tani 7. Zikitofautiana, na ya lori ikiwa ndogo, unapita bila shida. Draiva inayosoma 12.4 inaendesha programu za 12.1 na 11.8 vizuri tu.

Hili ni kosa la uandishi, na lingerekebishwa kwa neno moja: "mwisho". Kuita vitu viwili tofauti kwa jina moja, kwenye skrini ambayo mtu anaiangalia akiwa na wasiwasi, ni jambo ambalo mhariri yeyote wa kitabu cha kiada asingeliruhusu.

Halafu kuna kubwa zaidi. Wanafunzi wengi hawahitaji zana hizo kabisa. Kama lengo lako ni kutumia PyTorch, na huna mpango wa kuandika msimbo wa CUDA kwa mkono wako, vifurushi vya PyTorch vinakuja na maktaba za CUDA ndani yake. Unachohitaji kwenye mashine ni draiva tu. Kifurushi kamili cha zana, kinachofikia GB 3 na zaidi kutegemea toleo na mfumo, kinapakuliwa kila siku na watu ambao hawatakigusa. Na kikisakinishwa kizembe kinaweza kuleta draiva nyingine juu ya ile iliyokuwa inafanya kazi. Kwenye Ubuntu, kifurushi kinachoitwa `cuda` kinabeba zana pamoja na draiva, wakati `cuda-toolkit` kinabeba zana peke yake. Tofauti ya neno moja, asubuhi nzima ya kazi.

Kichaguzi cha PyTorch: maswali matano, la sita halipo

Ukurasa wa kuanzia wa PyTorch ni kazi nzuri ya mawasiliano ya sayansi, na nasema hivyo kwa dhati. Badala ya kurasa arobaini, unapewa visanduku: toleo gani, mfumo gani wa uendeshaji, kifurushi gani, lugha gani, jukwaa gani la hesabu. Bonyeza, chukua amri, ondoka. Msomaji anaheshimiwa.

Ila angalia kisichoulizwa: una kadi gani? Msomaji anachagua kati ya namba za CUDA bila kuambiwa namba hizo zinaachana na kadi zipi. Mwenye kadi ya zamani anachagua namba kubwa kwa sababu mpya ni bora, usakinishaji unakwisha bila kulalamika, na hata `torch.cuda.is_available()` inaweza kumjibu `True`. Anapoanza hesabu ya kwanza ndipo anaambiwa "no kernel image is available for execution on the device". Kwa lugha ya ngoma yetu: wachezaji wamefika, ngoma imefika, ila mdundo si wa kundi hili. Kwa kadi za 5.0 na 6.1, tiba ya kawaida ni kuchukua kifurushi cha namba ya chini, kama CUDA 11.8 au 12.6. Kwa kadi ya 3.0, vifurushi vilivyoandaliwa tayari haviko tena upande wako, na ni bora kuambiwa hivyo mapema kuliko usiku wa manane.

Kwa hiyo usiamini `True` peke yake. Ipe kadi hesabu ndogo:

`python -c "import torch; print(torch.ones(3, device='cuda') + 1)"`

Ikirudisha namba 2 mara tatu, umemaliza. Ukitaka kujua kifurushi chako kiliandaliwa kwa vizazi gani, `torch.cuda.get_arch_list()` itakutajia: `sm_50` ni 5.0, `sm_75` ni 7.5, na kuendelea.

Kuna mtego mwingine mdogo. `pip install torch` kwenye Linux inaleta kifurushi chenye CUDA. Amri hiyohiyo, herufi kwa herufi, kwenye Windows inaleta cha CPU peke yake. Ukikutana na ujumbe "Torch not compiled with CUDA enabled", kadi yako haina kosa na draiva haina kosa. Kifurushi ndicho kingine. Rudi kwenye kichaguzi uchukue amri yenye anwani ya CUDA.

Mapishi yaliyochacha

Sasa tuje kwenye chanzo ambacho wengi wetu ndicho tunachokitumia kweli: video na mapishi ya mtandaoni. Haya yana sifa ambayo nyaraka rasmi hazina, yaani sauti ya mtu. Lakini yana ugonjwa wake: yanachacha, na hakuna anayeyamwaga.

Mfano mzuri ni TensorFlow kwenye Windows. Toleo 2.10 ndilo la mwisho kutumia GPU moja kwa moja ndani ya Windows. Kuanzia 2.11 unatakiwa kupitia WSL2. Tovuti rasmi inalisema hili waziwazi, na inastahili pongezi. Lakini mapishi ya miaka ya nyuma bado yanazunguka, yanamwambia mtu aandike `pip install tensorflow-gpu`, kifurushi kilichokwisha kuondolewa. Mwingine anasakinisha TensorFlow mpya kwenye Windows, inaingia vizuri, kisha orodha ya GPU inarudi tupu. Anabadilisha draiva. Anabadilisha Python. Anauliza kwenye magrupu na kuambiwa "format mashine". Yote hayo kwa tatizo ambalo jibu lake ni sentensi moja.

Hukumu yangu kwa mapishi haya: pishi lisilo na tarehe, jina la kadi, toleo la draiva na toleo la Python halifai kufuatwa. Ni kama kupewa kipimo cha mbolea bila kuambiwa ni zao gani.

Yale ambayo ni ya laptopu tu

Maelekezo mengi kimya kimya yanadhani una kompyuta ya mezani. Laptopu ina mambo yake matatu.

La kwanza, ina kadi mbili. Ya Intel au AMD inaendesha skrini ili betri idumu, ya NVIDIA inalala mpaka iitwe. Ndiyo maana dirisha la mfumo linaweza kukuonyesha Intel tu ukadhani muuzaji amekupiga. Kwenye Ubuntu, amri ya `prime-select query` itakuonyesha mpangilio uliopo. Na kuacha skrini kwa Intel ni faida kwako: kumbukumbu yote ya kadi ya NVIDIA inabaki kwa ajili ya hesabu, jambo kubwa kama ni ya GB 2.

La pili ni Secure Boot. Ulinzi huu unakataa kupakia draiva ambayo saini yake haijatambuliwa. Ubuntu ikisakinisha draiva inaweza kukuomba utunge nywila, na ukiwasha upya linatokea jukwaa la buluu linalouliza kama unataka kusajili ufunguo. Skrini ile inaonekana kama hitilafu, watu wanabonyeza kuendelea haraka haraka, na nafasi inapita. Baada ya hapo `nvidia-smi` inasema imeshindwa kuwasiliana na draiva. Draiva ipo, imezuiwa getini. Unarudia usajili, unachagua kusajili ufunguo, unaingiza nywila ile.

La tatu ni nouveau, draiva huria inayokuja na Linux. Ikiwa imeshika kadi, ya NVIDIA haiwezi kuishika. Ukitumia njia ya Ubuntu yenyewe, `sudo ubuntu-drivers install`, jambo hili linashughulikiwa bila wewe kujua. Ukipakua faili la `.run` na kulisakinisha kwa mkono, unalibeba mwenyewe, na kila kerneli ikisasishwa unaweza kulibeba tena. Kwa laptopu ya mwanafunzi, njia ya mfumo wenyewe ndiyo ya kuanzia.

Bando nalo ni sharti la kiufundi

PyTorch yenye CUDA kwa Linux, ukijumlisha maktaba zake, inazidi GB 2 za kupakua. Kichaguzi hakina kisanduku cha ukubwa. Kwa waandishi wake hilo ni jambo la dakika chache. Kwa anayenunua bando la siku, ni uamuzi wa matumizi ya wiki, na umeme ukikatika katikati ni hasara. Kwa miaka mingi pip haikuwa na njia ya kuendeleza upakuaji uliokatika. Mwaka 2025, toleo 25.1 ndilo lililoleta chaguo la `--resume-retries`.

Suluhisho la kijamaa lipo, na maelekezo ya kawaida hayalitaji. Mmoja mwenye intaneti nzuri anapakua mara moja:

`pip download torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cu118 -d mzigo`

Folda ya `mzigo` inaingia kwenye flashi. Wengine wanasakinisha bila kutumia hata MB moja:

`pip install --no-index --find-links mzigo torch`

Sharti: mfumo wa uendeshaji uwe mmoja na toleo la Python liwe lilelile. Darasa la watu 20 linapakua GB 2 badala ya 40. Kama maabara ya chuo ingekuwa na folda moja ya namna hii, yenye karatasi juu yake inayotaja kadi zinazokubalika, nusu ya maswali ya magrupu ya WhatsApp yangekwisha.

"Si utumie Colab tu?"

Hili ndilo pingamizi zito, na silidharau. Google Colab inakupa GPU bure kupitia kivinjari, bila draiva wala Secure Boot. Kwa mtu mwenye kadi ya 3.0, au asiye na NVIDIA kabisa, Colab ni jibu sahihi kuliko kununua mashine. Na kazi nyingi za setilaiti hazihitaji GPU: Google Earth Engine inafanya hesabu kwenye seva zao, na mbinu ya misitu nasibu inaendeshwa na CPU ya kawaida bila shida. Kabla ya kusakinisha CUDA, jiulize kama tatizo lako ni shamba la bugobogobo au ni saa ya kutengeneza.

Lakini Colab ya bure ina ukomo, kikao hakizidi saa 12 na kinaweza kukatika kabla, na inataka mtandao uwepo muda wote. Zaidi ya hapo, kuna kujifunza ambako kunahitaji mashine uliyoishika: kujaribu, kuharibu, kurudia saa nne usiku bila kuhesabu dakika. Anayefanya majaribio yote kwenye mashine ya kuazima hujifunza kuwa mwangalifu kupita kiasi, na utafiti hauendi mbele kwa uangalifu peke yake.

Mwongozo ninaoutaka

Ungekuwa wa ukurasa mmoja, wa Kiswahili, na ungeanza na maswali kabla ya amri yoyote:

1. Una kadi ya NVIDIA? Kama ni Intel au AMD peke yake, CUDA haikuhusu. MacBook pia: CUDA iliiacha macOS baada ya toleo 10.2.
2. Ni ya kizazi gani? Kwa draiva mpya, `nvidia-smi --query-gpu=name,compute_cap --format=csv` inajibu. Chini ya 5.0, nenda Colab bila aibu.
3. Unataka kutumia maktaba, au kuandika CUDA mwenyewe? Kama ni kutumia, draiva inatosha.
4. Nani hapo karibu ameshapakua? Muulize toleo lake la Python kabla ya kufungua bando.
5. Umeipa kadi hesabu na ikajibu? Mpaka ijibu, hujamaliza.

Maswali matano haya hayahitaji intaneti, na yangepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo. NVIDIA na PyTorch hawana deni la kumjua mwanafunzi wa Ibadakuli. Lakini mwongozo unaomdhania msomaji kuwa na mashine mpya unamfundisha mwenye mashine ya zamani kitu kisicho kweli, kwamba yeye ndiye asiyefaa kwa kazi hii. Nimewaona wahitimu wazuri wa hisabati wakiacha akili mnemba kwa sababu ya ujumbe wa kosa ambao maana yake ilikuwa tu "kadi hii ni ya mwaka 2013".

Kwa hiyo kabla hujaandika tena kwenye grupu kwamba "imegoma", andika mistari minne: jina la kadi, namba ya kizazi chake, toleo la draiva, toleo la Python. Ukishaandika hiyo minne, mara nyingi jibu utaliona mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma.